Kodi ya Mpangaji na Kodi ya Raia: Walibertari Wanasema Nini Hasa Kuhusu Serikali?

Mwisho wa mwezi mfanyakazi aliyepanga chumba Umoja au Kawangware hulipa kodi mara mbili. Ya kwanza hukatwa kabla mshahara haujamfikia, naye huiona tu kama mistari ya makato katika hati ya mshahara. Ya pili huituma mwenyewe kwa simu, kwa mwenye ploti, kabla ya tarehe tano. Magazeti ya Nairobi hupenda kuiita ile ya kwanza ushuru, lakini katika mazungumzo ya watu, na katika historia ya nchi hii kama tutakavyoona, neno ni moja. Malipo yenyewe, hata hivyo, hayafanani. Mwenye ploti hawezi kukufanya mpangaji wake usipokubali: mlielewana bei, ukatoa amana ya mwezi mmoja, na siku utakapochoshwa na maji yasiyopanda ghorofani utapakia virago kwenye mkokoteni uhamie kwingine. Na serikali hamkuelewana bei. Ulizaliwa ukaikuta, inakukata kiasi inachoamua yenyewe, na ukikataa kulipa haikufungii mlango wa chumba bali inakufikisha mahakamani.

Ulibertari ni falsafa ya siasa inayoikazia macho tofauti hiyo na kukataa kuiacha ipite. Wafuasi wake, ambao nitawaita walibertari kwa kukosa neno zuri zaidi, huuliza hivi: jambo ambalo jirani yako haruhusiwi kukutenda, yaani kukunyang'anya sehemu ya jasho lako hata kama nia yake ni kuwasaidia mayatima, linageukaje kuwa halali likitendwa na watu wenye muhuri na sare? Majibu wanayoweza kuyakubali ni machache, na wengine miongoni mwao hawaoni jibu lolote. Hapa kwetu falsafa hiyo, ikitajwa, huchukuliwa ama kama jina la heshima la tamaa ya matajiri wasiotaka kulipa kodi, ama kama fujo ya watu wasiotaka sheria. Dhana zote mbili zina chembe ya ukweli kuhusu baadhi ya wanaojiita hivyo, lakini hazituelezi hoja yenyewe.

Jina nalo lina safari ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1857 lilitumiwa kisiasa na Joseph Déjacque, mwanaharakati Mfaransa wa mrengo wa kushoto ambaye aliipinga serikali na mali ya kibinafsi kwa pamoja. Karne moja baadaye likachukuliwa na Wamarekani walioitetea mali ya kibinafsi kwa nguvu zao zote, wakaunda hata chama chenye jina hilo mwaka 1971. Wanaobishana leo juu ya nani mlibertari wa kweli wanabishania urithi wa ndugu wawili waliokosana zamani.

Kiini cha hoja ni haki, na hapo Kiswahili kinatusaidia. Tunasema haki za binadamu, na tunasema hakimu ametenda haki, bila kubadili neno. Kwa mlibertari, hayo kweli ni kitu kimoja: jamii yenye haki ni ile ambayo hakuna mtu aliyevunjiwa haki zake, basi, na kama baada ya hapo mmoja ana magari kumi na mwingine anatembea kwa miguu kutoka Kibera hadi Industrial Area kila alfajiri, jambo hilo linaweza kuhuzunisha, linaweza kudai ukarimu, lakini si dhuluma kwa lenyewe. Mzizi wa fikra hii uko kwa Mwingereza John Locke, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba kila mtu ni mmiliki wa nafsi yake, kwa hiyo ni mmiliki wa kazi ya mikono yake, na kwa hiyo ni mmiliki wa kile ambacho amekichanganya na kazi hiyo kutoka katika vitu visivyo na mwenyewe, mradi awaachie wengine vya kutosha na vizuri vile vile. Serikali huundwa baadaye ili kulinda haki ambazo tayari zipo. Si chemchemi yake.

Ukifungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 19, utakuta maneno ambayo Locke angeyatia sahihi: kwamba haki zilizomo katika Sura ya Nne ni za kila mtu binafsi na hazitolewi na Serikali. Wasomaji vijana huenda wakaupita mstari huo haraka. Waliokuwa watu wazima kati ya mwaka 1982 na 1991, chama kilipokuwa kimoja kwa mujibu wa sheria na leseni ya mkutano wa hadhara ilipotoka kwa mkuu wa wilaya, wanajua uzito wake, maana kitu unachopewa na mtu anaweza kukuomba ukirudishe.

Lakini kurasa chache mbele, Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya afya, makazi yanayofaa, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu, na hapo mlibertari hukunja uso. Kwake kuna haki za aina mbili zilizojificha chini ya neno moja. Haki ya kuachwa, yaani usiuawe, usiteswe, usizuiwe kusema, usipekuliwe nyumbani bila sababu, inawadai watu wengine jambo moja tu, kutokutenda, na nchi nzima inaweza kuitimiza ikiwa imelala. Haki ya kupatiwa inamdai mtu fulani atende: lazima awepo daktari, mjenzi na mwalimu, na lazima awepo wa kuwalipa. Ikiwa mimi nina haki ya nyumba, ni nani mwenye wajibu wa kuijenga, na aliukubali lini? Swali ni zuri, ingawa halina nguvu kama linavyoonekana mara ya kwanza. Haki ya kuachwa hutimizwa na watu waliolala, lakini hulindwa na askari, mahakimu na magereza, na hao nao hula mshahara wa kodi. Ukikubali kodi kwa ajili ya polisi umeshakubali kwamba haki yangu inaweza kuuingia mfuko wako; linalobaki ni kubishana kuhusu kina.

Turudi kwenye hati ya mshahara, maana hapo ndipo walibertari wanapotofautiana na watu wengine, na wao kwa wao. Chukua mshahara wa shilingi 50,000. Mstari wa kwanza ni kodi ya mapato, inayoingia katika kapu kubwa la serikali. Walibertari wengi huikubali sehemu ya kapu hilo, ile inayolipia jeshi, polisi na mahakama, kwa hoja kwamba bila hivyo haki zenyewe hazina mlinzi. Wachache, wakiongozwa na Mmarekani Murray Rothbard, hukataa hata hiyo, wakidai kwamba ulinzi na usuluhishi unaweza kununuliwa sokoni kama unga.

Makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni ya namna nyingine. Fedha hizo ni zako, zimewekwa kwa jina lako, na utazipata uzeeni. Kinacholalamikiwa hapa si kunyang'anywa bali kulelewa: mtu mzima anachukuliwa kama mtoto asiyejua kwamba kesho ipo. John Stuart Mill, katika maandishi yake ya mwaka 1859, alisema sababu pekee ya kumshurutisha mtu mzima ni kumzuia asiwadhuru wengine, na kwamba manufaa yake mwenyewe hayatoshi kuwa sababu. (Mill huyo huyo aliyefanya kazi katika Kampuni ya Uhindi Mashariki kwa miongo mitatu na ushei hakuona kwamba kanuni yake iliwahusu watu aliowahesabu kuwa bado hawajastaarabika, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kulikumbuka kila anaponukuliwa maneno matamu ya uhuru.)

Mstari wa bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani shilingi 1,375. Hapa mwenye afya humchangia mgonjwa na mwenye kipato kikubwa humchangia mwenye kipato kidogo. Mlibertari hana ugomvi na kuchangiana. Atakuonyesha chama: akina mama wa mtaa mmoja huweka shilingi mia tano kila wiki, huzungushiana fedha, humfariji aliyefiwa, hutozana faini kwa kuchelewa, na wana kanuni kali kuliko za benki, lakini mwanachama aliyechoka huaga na kuondoka. Shuruti ndiyo anayoipinga, na ndiyo maana mlango wa kutokea una uzito mkubwa katika falsafa hii kuliko hata kura. Jibu la kawaida ni kwamba bima isiyo na shuruti huachwa na wenye afya na kubaki na wagonjwa watupu, ikafilisika, na sijaona mlibertari aliyelimaliza jibu hilo. Friedrich Hayek, mmoja wa vinara wao, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1974, alikubali kwamba jamii tajiri inaweza kumhakikishia kila mtu kiwango cha chini cha maisha, na Milton Friedman alitetea utaratibu wa serikali kuwaongezea fedha taslimu wenye kipato cha chini badala ya kuwajengea idara za kuwasaidia.

Kisha kuna asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu: shilingi 750 kutoka kwako na 750 nyingine kutoka kwa mwajiri. Nyumba zitakazojengwa huenda zikawa nzuri, na aliyekatwa huenda asiishi ndani yake kamwe. Hakuna mstari unaoionyesha hoja ya walibertari kwa uwazi zaidi ya huu, hasa hoja ya Robert Nozick, mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu cha Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 Nozick alidai kwamba kutoza kodi mapato ya kazi hakutofautiani na kumfanyisha mtu kazi ya kulazimishwa. Mtu anayefanya kazi saa 176 kwa mwezi akikatwa asilimia 1.5, amefanya kazi saa mbili na nusu na kidogo kwa ajili ya lengo ambalo hakulichagua. Kama serikali ingemwita Jumamosi kwa saa hizo hizo akapige matofali bila malipo, tungeliita jambo hilo kwa jina lake.

Msomaji wa Ulaya huweza kuisikia hoja hiyo kama mchezo wa maneno. Nairobi haina anasa hiyo, kwa sababu hapa kodi iliwahi kuwa chombo cha kulazimisha kazi waziwazi. Kodi ya kibanda ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, ikafuatwa na kodi ya kichwa, na maafisa wa kikoloni hawakuficha kwamba moja ya malengo yake ni kumtoa Mwafrika shambani mwake aende akaajiriwe na mlowezi, kwa kuwa kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu na fedha taslimu ilipatikana kwa mzungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaongezwa kipande, cheti chenye alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na ambacho kilimwezesha mwajiri kumsaka aliyetoroka kazi. Hadi leo wengi wetu tukiombwa kitambulisho tunasema kipande. Mwezi Machi mwaka 1922 Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, nyongeza ya kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi jijini kudai aachiliwe, na tarehe 16 ukapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakejeli wanaume kwa woga wao na kuwahimiza wasonge mbele, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Hapo mpinzani wa Nozick ana jambo la kusema. Aliyetozwa kodi ya kibanda hakuwa na mwakilishi; anayekatwa leo ana mbunge, na Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi isipokuwa kwa sheria iliyotungwa. Je, tofauti hiyo haitoshi? Walibertari hujibu kwamba inapunguza hatari bila kubadilisha asili ya tendo: majirani tisa wakipiga kura wachukue pikipiki ya wa kumi, kura ilikuwa halali na wizi ni wizi. Wafuasi wa John Rawls, aliyekuwa mwenzake Nozick pale Harvard na ambaye kitabu cha Nozick kilikuwa kikimjibu, husema kosa liko mapema zaidi, katika kudhani kwamba shilingi 50,000 zilikuwa za mfanyakazi peke yake kabla ya kodi. Bila barabara, mahakama, sarafu na mwalimu aliyemfundisha kusoma, mshahara huo usingekuwapo. Kwa hiyo mgao wa faida za ushirikiano ni suala la haki tangu mwanzo. Mimi huona Rawls anashinda duru hii kwa pointi, ila si kwa kumwangusha mwenzake, maana kutoka kwenye ukweli kwamba jamii ilinisaidia hadi kwenye asilimia mahususi ambayo waziri ameiandika kuna umbali mrefu ambao watu huuruka.

Inafaa kuangalia mahakama zetu zilivyolishughulikia suala hilo, kwa sababu wengi walidhani zimetoa hukumu ya kilibertari ilhali hazikufanya hivyo. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliibatilisha ada ya nyumba. Sababu zao zilikuwa kwamba haikuwa na mfumo kamili wa kisheria, na kwamba iliwabagua wafanyakazi wenye ajira rasmi kwa kuwatoza wao peke yao. Bunge likapitisha sheria mpya, ikatiwa sahihi Machi 2024, ikiwajumuisha na wasio na mishahara. Angalia kilichotokea: malalamiko yalikuwa kwamba si wote wanatozwa, na tiba ikawa kuwatoza wote. Kwa mlibertari, hiyo ni sawa na kumlalamikia mwizi kwamba amebagua nyumba, naye akarudi usiku kuzipitia zilizobaki.

Kosa kama hilo hufanywa kuhusu Juni 2024. Vijana walipojaa katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha, ambao kwanza ulikuwa na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na ada ya asilimia 2.5 kwa magari, baadhi ya watazamaji wa nje walisema Kenya imezaa kizazi cha walibertari. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Lakini waliokuwa barabarani walidai pia walimu waajiriwe na madaktari walipwe. Kwao dhambi ya kodi ilikuwa kutoonekana ilikokwenda, ule mzaha wa zamani kwamba serikali ni siri kali. Anayesema rudisheni fedha zetu kwa huduma ana mkataba kichwani mwake, na anadai utimizwe. Mlibertari husema hakuna mkataba aliowahi kuuona. Walikutana barabara moja wakiwa wanaelekea nyumba tofauti. Pale walipokuwa pamoja kabisa ni kwenye Kifungu cha 37, haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na kwenye imani kwamba risasi si hoja.

Serikali ambayo Nozick angeivumilia huitwa serikali ya mlinzi wa usiku: inazuia mauaji, wizi, ulaghai na uvunjaji wa mikataba, kisha inakaa pembeni na kurunzi yake. Mfano huo ulibuniwa Ulaya, na ukisomwa Nairobi unapinduka. Hapa mlinzi wa usiku ndiye mtu ambaye raia wa kipato cha kati anamlipa mwenyewe. Kuna soja langoni, kuna geti lililowekwa na wakazi mwishoni mwa barabara ya umma, kuna mchango wa kila mwezi wa ulinzi na taka, na kuna kioski cha kibinafsi cha maji. Wakati huo huo serikali, ambayo imekawia kufika kwenye kazi ambayo hata mlibertari angeiachia, imewahi mapema kwenye kazi ambazo asingeiachia: askari wa kanjo, yaani wa serikali ya jiji, wanaomwaga nyanya za mama mboga kwa kukosa kibali hawajawahi kuchelewa. Mtu anaweza kusema kwa hiyo kwamba Nairobi ni jiji la kilibertari kwa ajali na jiji la kushurutisha kwa makusudi.

Nozick alikisia kwamba watu wasio na serikali wangeunda vikundi vya ulinzi, vikundi vingeshindana na kuungana, na mwishowe kimoja kingetawala eneo zima na kuwa serikali bila mtu yeyote kuvunjiwa haki. Hadithi hiyo tunaijua kwa sura mbili. Geti la South B ni sura yake ya upole. Sura nyingine ilionekana katika miaka ya 2000, kundi la Mungiki lilipowatoza wenye matatu na wakazi wa baadhi ya mitaa ada ya ulinzi ambayo asiyeilipa ndiye aliyehitaji kulindwa dhidi ya walioidai. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na ulibertari wote ni jitihada ya kuukataa usemi huo. Shida ni kwamba soko la ulinzi likiachwa peke yake huelekea kuuthibitisha.

Kuna mkondo mwingine wa hoja ambao hautegemei haki hata kidogo bali ujuzi. Hayek alieleza mwaka 1945 kwamba maarifa ya kuendesha uchumi hayako mahali pamoja. Yametawanyika kwa mamilioni ya watu, kila mmoja akijua kipande chake kidogo, na bei ndiyo inayoyakusanya. Ofisi ya mipango haiwezi kuyajua, hata ikiwa na watu waaminifu. Wakenya waliokuwa wakulima hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawahitaji kufundishwa hili: kuhamisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji kizuizi cha polisi, na kizuizi kilihitaji kitu kidogo. Matatu nazo zilianza nje ya sheria, zikaitwa kwa nauli yake ya sarafu tatu za senti kumi, zikafika kwenye mitaa ambayo mabasi yenye leseni hayakuona faida kufika, hadi mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi. Hakuna aliyechora ramani ya njia hizo, na ramani ipo.

Hata hivyo tusimalize hadithi mapema. Matatu hizo hizo ziliua watu kiasi kwamba mwaka 2004 waziri John Michuki alilazimisha mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na abiria 14, na abiria waliokuwa wakining'inia mlangoni hawakuandamana kudai uhuru wao urudishwe. M-Pesa, ambayo walibertari hupenda kuitaja kwa sababu Benki Kuu iliiruhusu ianze mwaka 2007 kabla ya kuwapo sheria ya mifumo ya malipo, iliyokuja mwaka 2011, ilianzia ndani ya kampuni ambayo serikali ilikuwa na hisa nyingi, na majaribio yake yalichangiwa na fedha za walipa kodi wa Uingereza. Lililothibitishwa hapo ni kwamba mdhibiti anayesubiri aone hujifunza zaidi ya mdhibiti anayekataza kwanza. Hilo ni somo la maana, lakini ni dogo kuliko linalouzwa. Chang'aa ni mfano ulio wazi zaidi: ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikaendelea kunywewa kwa miaka thelathini huku ikichanganywa na sumu gizani, na mwaka 2010 Bunge likaihalalisha ili ipimwe na kufungwa kwenye chupa.

Nimeacha ardhi hadi sasa kwa sababu hapo ndipo falsafa hii inapokuwa ama na meno ama na aibu. Nozick hakusema kwamba kila aliyenacho anastahili kukihodhi. Alisema umiliki ni wa haki ikiwa kitu kilipatikana kwa haki mara ya kwanza, kikahamishwa kwa ridhaa kila mara iliyofuata, na pale mnyororo ulipokatika kwa dhuluma, basi dhuluma irekebishwe. Kanuni hiyo ya tatu aliiandika kwa ufupi mno, na wafuasi wake wengi huiruka kabisa. Kenya haiwezi kuiruka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwaruhusu watawala kuwauzia na kuwakodishia walowezi ardhi. Ya mwaka 1915 ikapanua ardhi ya Mfalme wa Uingereza hadi kwenye ile waliyokuwa wakiishi Waafrika. Na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Waafrika hao walikuwa wapangaji tu kwa hiari ya Mfalme. Mtu aliyezaliwa shambani mwa babu yake alilala mwenye nyumba akaamka mpangaji, na kodi aliyotozwa ikawa kodi kwa maana zote mbili za neno. Baada ya uhuru mnyororo uliendelea kukatika: tume ya Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu wenye nafasi kinyume cha sheria, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauifikii mali iliyothibitika kupatikana isivyo halali. Kwa hiyo mlibertari wa Nairobi anayetetea hatimiliki bila kuuliza ilizaliwaje hatetei falsafa yake. Anatetea waliotangulia.

Na wakati mwingine falsafa hiyo humpeleka asikotarajia. Mwaka 2011 wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa nyumba zao, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 11 Januari 2021 mahakama hiyo ikasema kwamba watu wasio na ardhi walioishi kwa muda mrefu kwenye ardhi ya umma na kujenga makazi hapo, ingawa hawapati hatimiliki, wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Majaji waliegemea Kifungu cha 43, kile kinachomkunjisha uso mlibertari. Lakini Locke angefika karibu na hapo kwa njia yake mwenyewe: hawa ni watu waliochanganya kazi yao na ardhi ambayo hakuna mtu binafsi aliyekuwa akiitumia, na aliyekuja na tingatinga ni serikali.

Ndugu yule mwingine, wa mrengo wa kushoto, hushikilia hasa hapa. Wafuasi wa mrengo huo hukubali kwamba kila mtu ni mmiliki wa nafsi na kazi yake, na hukataa kwamba mtu yeyote aliumba ardhi. Mmarekani Henry George alipendekeza mwaka 1879 kwamba kazi na majengo yasitozwe kitu, na badala yake jamii ichukue thamani ya ardhi tupu, thamani ambayo haikuletwa na mwenye kiwanja bali na watu, barabara na shughuli zinazokizunguka. Hata Friedman aliiona kodi hiyo kuwa yenye ubaya mdogo kuliko zote. Jiji la Nairobi, pasipo kutaja falsafa yoyote, limetoza ada ya viwanja kwa msingi huo tangu enzi za ukoloni, kwa kuhesabu thamani ya ardhi bila jengo lililo juu yake, ingawa kwa takriban miaka arobaini hesabu hiyo ilifanywa kwa orodha ya thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku bei ya kiwanja Upper Hill au Kilimani ikipaa mbali nayo. Katika mpango wa George, anayeshikilia kiwanja ni mpangaji wa wenzake wote, na anachowalipa ni kodi, neno moja, bila haja ya kueleza kama ni ya nyumba au ya serikali.